Mkono Uliotangulia Picha

Barua iliyompeleka katekista Bernadi Ndunguru mahabusu ilikuwa imeandikwa vizuri mno, na jambo hilo peke yake lilimchefua Mkaguzi Msaidizi Walburga Kapinga. Mtu aliyeshuhudia aibu kwa macho yake huandika akijikwaa. Mzee Hamphrey Mapunda, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, hakujikwaa hata mahali pamoja. "Mtuhumiwa aliwaonyesha watoto wa Komunyo ya Kwanza picha za uchi kwenye ukuta wa ukumbi, kisha akasimama katikati ya picha hizo, mikono ameitandaza, akajionyesha." Chini kulikuwa na saini na muhuri, vyote vimenyooka kama vimepimwa kwa rula.

Watoto walikuwa wamehojiwa, nao walisema vilevile: picha mbaya ilitokea, mwalimu akasimama ukutani, picha ikawa mwilini mwake. Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa Bernadi mwenyewe. Jumatatu jalada lingekwenda kwa wakili wa serikali, na hadi Ijumaa ile hakuna mtu upande wote wa Mkumbi aliyejitokeza kumwekea Bernadi dhamana. Mke wake, Yuliana, alileta ugali kituoni akiwa amejitanda khanga hadi puani. Kule kijijini wanawake walishaanza kumpisha bombani kabla hajafika, na si kwa heshima.

Koplo Edmund, aliyechukua maelezo, hakuona kilichobaki cha kupeleleza.

"Matangazo humfuata mtu, afande. Ukitafuta mbolea, unaletewa mbolea. Kompyuta ile ya parokia nimeipekua mwenyewe. Huyu bwana ametafuta 'mapenzi ya ndoa', ametafuta 'mume na mke faragha'. Sasa ameletewa alichoagiza."

"Na simu yako wewe inakuletea nini?"

Edmund aliangalia dirishani. "Mbolea," alisema.

Walburga alimwambia atafute funguo za gari.

Bernadi mwenyewe alikuwa hasaidii. Alipoulizwa picha zimetoka wapi, alisema hajui. Alipoulizwa kwa nini alisimama mbele ya ukuta, alisema, "Ningesimama wapi tena, afande?" na baada ya hapo alikaa kimya kama gunia. Ukimya wa namna hiyo mahakamani huliwa mbichi.

*

Kompyuta ya parokia ilikuwa bado mezani pake. Edmund alitaka kuizoa siku ya kwanza, Walburga akamkatalia. Kompyuta ikishafungwa kwenye mfuko wa vielelezo haina tena cha kumwonyesha mtu. Nje ya ofisi kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja, na baridi ya Julai ilikuwa imemfanya karani, Beata, avae sweta mbili. Paroko alikuwa Songea kwenye mafungo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo unapokaa kila siku. Fungua intaneti kama unavyofungua kila siku. Mimi nisahau kabisa."

Walburga alivuta kiti akakaa nyuma yake. Hakutazama kioo. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba kila mtu hukimbilia kutazama kinachoonyeshwa, na ndiyo maana wachache huona. Alitazama mikono.

Beata aliandika neno moja. Kisha mkono wake wa kulia ukaisukuma mausi juu, pembeni kabisa, kwenye ile alama ya kufungia, ukatulia hapo ukingoja. Kioo kilikuwa bado cheupe, hakuna kilichofunguka. Halafu ndipo picha ikaruka kutoka chini, mwanamke asiye na nguo na maandishi mekundu, na kabla jicho halijaikamata vizuri kidole kilishabonyeza na picha ikapotea.

"Mkono wako umefika kabla ya picha," Walburga alisema.

Beata hakugeuka.

"Sijasema umeitafuta. Nauliza, unazifunga tangu lini?"

Msichana alivuta mikono ya zile sweta mbili hadi vidoleni. "Tangu wageni wa kwaya walipokuja. Wale wa ziwani. Baada ya Pasaka."

"Hukumwambia paroko?"

"Ningemwambiaje, afande? Angeniuliza kwa nini zinakuja kwangu. Hata bando nimekuwa nikijazia mwenyewe, maana lilikuwa linaisha kabla ya wiki, nikaogopa wataulizana linaliwa na nini. Kompyuta yenyewe imekuwa nzito. Ukitafuta masomo ya Misa inakupeleka kwenye kamari."

"Na Bernadi alipokamatwa?"

Beata alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nilisali," alisema.

Walburga alihisi kinyaa, na alipata shida kujua akielekeze kwa nani. Msichana huyu alikuwa amekaa na ushahidi wa kumtoa mtu mahabusu, akaubonyeza ukapotea, kila siku, kwa adabu zote. Lakini kumkaripia kungekuwa kumpiga aliyekwisha kupigwa. Aliuliza jambo jingine.

"Bernadi alitafuta mambo ya ndoa kwenye kompyuta hii lini?"

"Kwaresima. Alikuwa anaandaa semina ya wachumba. Tuliandika naye maswali. Tangu hapo hajagusa intaneti, hadi siku ile alipotaka kuwaonyesha watoto kwa projekta video ya Mtakatifu Tarsisi."

Walburga aliichukua mausi mwenyewe, akapekua alikopekua Edmund, ila yeye akasoma na tarehe. Utafutaji wote wa ndoa ulikuwa wa Kwaresima. Wageni walikuja baada ya Pasaka. Msichana alisema kweli, na Edmund alikuwa amesoma maneno akaruka siku zake. Kama matangazo yalikuwa yanafuata alichotafuta Bernadi, yalikaa wapi muda wote ule yakimsubiri?

"Nielezee hao wageni."

Jambo lenyewe lilikuwa la kawaida. Kwaya ikitembelea kwaya haiendi mikono mitupu. Wa milimani hushuka na kahawa na maharage, wa ziwani hupanda na dagaa wao, usipa waliokaushwa. Na zawadi hufunguliwa mbele ya mtoaji, kwa vigelegele. Ukiiweka pembeni uifungue baadaye, umemwambia mgeni kwamba unamshuku. Safari hii, ndani ya fundo la kitenge, juu ya mfuko wa usipa, kulikuwa na flashi yenye programu ya kusomea nota za nyimbo na karatasi ya maelekezo. Wageni walikuwa wamesimama, wenyeji wanapiga makofi, kompyuta ikaletwa hapohapo mezani ukumbini. Beata ndiye aliyeshika mausi.

"Ulisoma kilichoandikwa?"

"Kilikuwa Kiingereza, afande. Na watu walikuwa wanaimba. Nilifuata karatasi."

Karatasi ilikuwa bado kwenye droo, imekunjwa pamoja na flashi. Walburga aliisoma. *Ndugu mwanakwaya, bonyeza KUBALI, kisha ENDELEA, hadi mwisho. Usiguse kingine chochote. Mungu akubariki.* Nyuma ya flashi kulikuwa na stika ya duka la stesheneri la Mbamba Bay.

Alimpigia kiongozi wa kwaya ya wageni, Mwalimu Nazari. Sauti ya mzee yule ilikuwa changamfu kupita kiasi. "Ah, ile programu? Tulipewa bure na kijana Rodrick wa dukani. Kijana mwema sana, mama. Alisema tuwagawie kwaya zote tutakazotembelea."

*

Kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay barabara huteremka kwa kona hadi masikio yazibe, na sweta inayokupendeza asubuhi huwa adui ifikapo mchana. Walburga alikuwa amevaa sare kwa makusudi. Mkononi alikuwa na laptopu mpya ya dada yake, ambayo haijawahi kuingizwa kitu chochote.

Duka la Rodrick lilikuwa safi. Kulikuwa na mashine ya kutoa nakala, picha za pasipoti ukutani, na rozari imening'inizwa juu ya kompyuta kubwa. Rodrick mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limechomekewa, anaamkia kabla hujavuka kizingiti.

"Shikamoo, mama. Karibu kiti."

"Marahaba. Nimesikia una programu ya nota. Naimba sauti ya pili."

"Afande anaimba?" Alifurahi kweli. "Kwako naiweka vizuri, mama. Lete."

Walburga alimpa laptopu na flashi ileile ya kwenye kitenge, akasogeza kiti. Mikono tena. Ya Rodrick ilikuwa myepesi na haikuwa na wasiwasi. Ilibonyeza Kubali. Ilibonyeza Endelea. Halafu ikasimama, ikafungua mlango mdogo pembeni mwa kioo ambao karatasi haikuutaja, na ndani yake kulikuwa na vijisanduku vinne, vyote vimetiwa alama tayari. Rodrick aliziondoa alama hizo moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, kisha akaendelea.

"Hivyo umeviondoa kwa nini?"

Mikono ilisimama.

"Si vya lazima, mama. Vinaifanya kompyuta iwe nzito tu."

"Kwenye karatasi yako umeandika 'usiguse kingine chochote'."

"Hiyo ni kwa watu wa kawaida."

"Watu wa kawaida," Walburga alirudia. Alivuta laptopu, akaifuta programu, akaianza upya mbele yake, safari hii kwa kufuata karatasi kama alivyofuata Beata. Kubali, Endelea, Kubali, Endelea. Aliiunganisha na intaneti ya duka. Hakutafuta neno hata moja. Aliagiza soda mlango wa pili, akaweka chupa mezani, akaanza kunywa taratibu akimtazama kijana.

Chupa haijafika nusu, mwanamke yule akaruka kutoka chini ya kioo, na maandishi yake mekundu.

"Mimi sijatafuta kitu, Rodrick. Dada yangu hajaifungua hii laptopu tangu ainunue. Amemfuata nani?"

"Hiyo picha si yangu, mama." Alisema haraka, na ilionekana ni kweli anajali atofautishwe nayo. "Mimi huwa sijui wanaleta tangazo gani. Wanaweza kuleta sabuni. Wanaweza kuleta kamari. Wanaleta wenyewe."

"Kina nani?"

"Sijawahi kuwaona. Wako nje huko. Wanakupa kifurushi, unakiambatanisha na kitu ambacho watu wanakitaka, kila kompyuta inayoingia wanakuhesabia."

"Wanakuhesabia shilingi ngapi?"

Alitaja. Walburga alidhani amesikia vibaya, akamwambia arudie, akarudia. Haikufika bei ya sahani ya chipsi pale stendi. Alikuwa amekamata wezi wa ng'ombe, na mtu mmoja aliyeuza shamba la mama yake mara mbili, na wote hao angalau walikuwa wamekula wakashiba. Huyu alikuwa ameiuza heshima ya parokia nzima kwa chipsi, tena kavu.

"Kwa nini kwaya?"

"Kwaya zinatembeleana," Rodrick alisema, na kwa mara ya kwanza aliinamisha uso. "Na hawakatai zawadi."

"Kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili ya picha hii."

"Lakini walikubali wenyewe, mama. Imeandikwa pale."

"Kwa Kiingereza. Cha Kiswahili ulikiandika wewe, ukamtaja na Mungu." Chupa ilikuwa bado na soda, hamu ilikuwa imemwisha. "Hao wanaokuhesabia, wanajuaje kompyuta imeingizwa na wewe?"

"Kila kwaya nimeipa namba yake, nijue zinavyokwenda." Alifungua kompyuta kubwa chini ya rozari, akaonyesha, kwa kiburi kidogo ambacho hakuweza kukizuia. "Ya kule Mkumbi, kwa mfano, imeingiza kompyuta mbili."

"Mbili?"

"Mbili, mama."

Walburga alitoka nje akampigia Beata. "Flashi ile iliwahi kutoka ofisini?"

"Mara moja tu, afande. Mzee Hamphrey aliiazima. Anaimba besi, alitaka kujifunza sauti yake kule ofisini kwake ushirika."

Jasho lilimtiririka Walburga ndani ya sare. Kisha akamwita Edmund, aliyekuwa akingoja kwenye gari, amweke Rodrick humo, na duka lifungwe na kompyuta zake ndani.

*

Ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa ilikuwa na foleni hadi nje. Msimu ulikuwa umechanganya. Mzee Hamphrey alimpokea mlangoni kwake, suti ya kijivu, beji ya walei kifuani. Alikuwa mtu ambaye watoto wakimwona njiani huacha kukimbia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Yule mtu mmefikia wapi naye? Wazazi wananiuliza mimi."

"Karibu tunamaliza. Nahitaji nakala nyingine ya barua yako. Uliichapa hapa?"

"Hapahapa. Sikutaka kumpa karani mambo kama yale." Alikaa, akavaa miwani. "Iko kwenye barua pepe. Ngoja."

Walburga alisimama nyuma ya bega lake. Edmund alibaki mlangoni, kofia mkononi. Kompyuta ilinguruma, ikachelewa, ikawaza. Mzee Hamphrey aliandika herufi mbili. Halafu mkono wake wa kulia, wenye pete ya ndoa iliyozama kwenye nyama, ukaisukuma mausi juu, pembeni kabisa, ukatulia hapo ukingoja.

"Toa mkono, mzee."

"Nini?"

"Toa mkono kwenye mausi. Weka mezani."

Aliuondoa kama mtoto aliyekutwa kwenye chungu. Walingoja wote watatu. Nje mizani ya kahawa iligonga, mtu akataja kilo zake, mwingine akabisha. Kisha picha ikaruka, na kwa kuwa hakuna aliyeifunga, ikakua hadi ikajaa nusu ya kioo.

Edmund alisema kitu kwa sauti ndogo, nacho hakikuwa mbolea.

"Leo ndiyo mara ya kwanza," Mzee Hamphrey alisema.

"Mkono wako umeijua njia, mzee."

Alivua miwani akaifuta kwa tai, muda mrefu, kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye vioo. Alipoongea, ile sauti ya mwenyekiti ilikuwa imeondoka. "Nilidhani ni kwangu tu. Mwanangu, mimi ningemwambia nani? Kila asubuhi nafunga mlango kwanza, halafu ndiyo nawasha."

"Siku ile ukumbini ulikuwepo."

"Nilikuja kuwasalimu watoto."

"Picha ilipotokea ukutani, ilikuwa ipi?"

Mzee aliirudisha miwani usoni.

"Ilikuwa ipi, mzee?"

"Hii." Alionyesha kwa kidevu bila kutazama. "Hiihii."

"Kwa hiyo ulijua haikutoka kwa Bernadi. Ulijua, ukakaa kwenye kiti hiki, kwenye kompyuta hii, ukaandika kwamba imetoka kwake."

"Ningenyamaza wangeuliza imetoka wapi. Wangeanza kufungua kompyuta zote. Wangefika hapa." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa yanaomba akubaliwe kwamba hesabu ile ilikuwa ya busara. "Yeye ni katekista tu. Mimi nina watu nyuma yangu."

Walburga alikuwa na kinyaa tangu asubuhi, ila cha asubuhi kilikuwa cha picha. Picha ni takataka, na takataka hufagiliwa. Hiki cha sasa alikiona kimevaa beji. Swali la mwisho aliliuliza kwa heshima yote aliyofundishwa na mama yake, kwa sababu bila heshima hiyo angemshika ukosi.

"Umeandika kwamba alisimama katikati ya picha, mikono ameitandaza, akajionyesha. Wewe ulikuwa pale, mzee. Alisimama kufanya nini?"

Mizani iligonga tena nje.

"Kompyuta iliganda, na waya wa projekta ulikuwa umefungiwa juu," Mzee Hamphrey alisema. "Hakuufikia. Alikwenda ukutani akajitanua ili picha imwangukie yeye. Alikuwa anawaambia watoto wafumbe macho." Aliinyoosha tai yake. "Binti yake alikuwa mstari wa mbele."

"Andika hivyo. Hapohapo ulipoandikia ile nyingine. Koplo atashuhudia."

"Ngoja basi nifunge hii kwanza."

"Usiifunge. Andika nayo ikiwepo."

Mzee aliangalia mlango, akaangalia Edmund, akaona hakuna wa kumsaidia. Aliivuta kibodi. Kwa kuwa nje ya dirisha wakulima walikuwa wanapita na kila apitaye angeweza kuchungulia, alinyanyua mkono wa kushoto akautandaza juu ya kioo, akaifunika picha, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia akaanza kutafuta herufi. Picha ilikuwa kubwa kuliko kiganja. Kila alipofunika huku ilichungulia kule, akausogeza mkono, akausogeza tena, huku akiandika kwamba Bernadi Ndunguru hakuwa na kosa.

Aliandika polepole, na safari hii alijikwaa kila mstari. Alipofika kwenye neno "nilijua" alisimama, akauliza kama hilo linaweza kuondolewa.

"Hapana, mzee," Walburga alisema, akampigia simu Yuliana, mke wa Bernadi, ili aisikie barua ikisomwa.